Fundo la Mueda: Operesheni ya Julai 1970 na vita vilivyokuwa vimeshahama

Ukisimama Newala ukingoni mwa uwanda, pale wenyeji wanapopaita Shimo la Mungu, ardhi inakatika ghafla miguuni pako. Chini kabisa ni bonde la Ruvuma, na siku isiyo na ukungu unaiona Msumbiji ng'ambo. Huko ardhi inapanda tena na kuwa uwanda mwingine wa Wamakonde, uwanda wa Mueda. Muhogo ni uleule, mikorosho ni ileile, na majina ya koo yanafanana. Wajerumani na Wareno walichora mpaka katikati, lakini watu waliendelea kuvuka kwenda kukata mkonge Tanganyika, wakarudi na baiskeli, na nguo, na habari.

Kwenye uwanda huo wa pili, tarehe 1 Julai 1970, Ureno ilianzisha operesheni kubwa kuliko nyingine yoyote katika vita vyake vya Msumbiji. Jenerali Kaúlza de Arriaga, aliyekuwa amekabidhiwa ukamanda mkuu miezi michache tu kabla, aliipa jina la Nó Górdio, Fundo la Gordio. Jina limetoka kwenye hadithi ya kale ya Wagiriki: palikuwa na fundo lisilofunguka, Aleksanda akaja, hakuhangaika kutafuta ncha ya kamba, akalikata kwa upanga. Arriaga aliamini kwamba FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, nacho kina fundo moja, na kwamba fundo hilo liko Mueda.

Kisa hiki husimuliwa kwa namna mbili. Wareno waliopigana humo husema walishinda porini, ila wakasalitiwa Lisbon. Kwetu Tanzania husimuliwa kama hadithi ya helikopta zilizoshindwa na wakulima. Nimekaa na tarehe za vita hivi muda mrefu, na sisadiki namna yoyote kati ya hizo mbili. Ninachokiona mimi ni kwamba Nó Górdio ilishindwa miaka miwili kabla haijaanza, katika ugomvi mkali uliokuwa ndani ya FRELIMO yenyewe, na sehemu kubwa ya ugomvi huo ilifanyika Dar es Salaam na Mtwara.

Kutoka Mueda hadi Chai

Mueda lilikuwa jina zito tangu zamani. Tarehe 16 Juni 1960 umati ulikusanyika mbele ya ofisi ya utawala kusikiliza majibu ya madai yake. Wasemaji wawili, Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane, walikamatwa mbele ya watu, umati ukapandwa na hasira, askari wakafyatua risasi. FRELIMO baadaye ilitaja watu wapatao 600 waliouawa. Watafiti wengine wanataja idadi ndogo zaidi. Kwa Wamakonde waliokimbilia upande wetu wa mto hesabu hiyo haikubadilisha lolote. Walikwenda kuomba kusikilizwa, wakapigwa risasi.

Miaka miwili baadaye, tarehe 25 Juni 1962, vyama vitatu vya wakimbizi wa Msumbiji, UDENAMO, MANU na UNAMI, viliungana Dar es Salaam na kuwa FRELIMO. Rais wake alikuwa Eduardo Mondlane, msomi aliyeacha kazi ya ualimu wa chuo kikuu Marekani. Vijana wa kwanza walipelekwa Algeria kujifunza vita, Samora Machel akiwa miongoni mwao. Waliporudi walipewa kambi Kongwa, na baadaye Nachingwea. Sehemu zote mbili zilikuwa mashamba ya ule mradi wa karanga wa Waingereza uliokufa vibaya mwanzoni mwa miaka ya 1950. Karanga hazikuota, lakini barabara, majengo na bandari ya Mtwara vilibaki, na vikapata kazi ambayo waliovijenga hawakuifikiria.

Usiku wa tarehe 25 Septemba 1964 kikundi kilichoongozwa na Alberto Chipande kilishambulia kituo cha Wareno cha Chai, Cabo Delgado. Wapiganaji waliokuwa tayari siku hizo walikuwa takriban 250. Mpango ulikuwa kuanza kwa pamoja katika mikoa minne: Cabo Delgado, Niassa, Tete na Zambézia. Miwili ya kwanza ilishika. Tete na Zambézia zilizimika upesi, kwa sababu ya jiografia na siasa: njia ya kuzifikia ilipita Malawi, na Kamuzu Banda, ambaye bandari zake za kupitishia mizigo zilikuwa mikononi mwa Wareno, hakuwa tayari kuwa jukwaa la vita.

Hapo ndipo tatizo lote lilipozaliwa. Kufikia 1966 na 1967 FRELIMO ilikuwa na vita vya kweli, lakini vilikuwa kaskazini tu, na zaidi miongoni mwa kabila moja. Wamakonde ndio waliotoa askari wengi, ndio waliobeba mizigo, na mashamba yao ndiyo yaliyochomwa. Watu wa kusini waliokuwa makamanda na maofisa walikuwa wageni kwenye uwanda. Oktoba 1966 mkuu wa ulinzi, Filipe Samuel Magaia, aliuawa Niassa, na nafasi yake ikachukuliwa na Samora, mtu wa Gaza, kusini kabisa. Kwa mzee wa Mueda aliyempa mwanawe bunduki, Gaza ilikuwa mbali kuliko Lindi.

Lázaro Nkavandame na swali lake

Mtu aliyelisema jambo hili kwa sauti alikuwa Lázaro Nkavandame. Kwenye simulizi rasmi yeye ni msaliti tu, na kweli aliishia kwenye usaliti. Lakini ukitaka kukielewa kisa hiki lazima umsikilize kwanza. Kabla ya vita alikuwa ameunda ushirika wa wakulima wa pamba wa Kimakonde, jambo lisilo dogo chini ya utawala wa Wareno. Vita vilipoanza alikuwa mwenyekiti wa mkoa wa Cabo Delgado. Chini yake walikuwepo wenyeviti wa maeneo, wazee wenye heshima, waliokusanya mazao ya maeneo yaliyokombolewa, wakayavusha Ruvuma na kuyauza Tanzania, kisha wakarudi na chumvi, sabuni, nguo na majembe.

Malalamiko dhidi yao yalikuwa ya wazi: bidhaa zinauzwa ghali kwa wananchi walewale waliolima, na faida haionekani. Vijana wa jeshi walisema, tunamwondoa Mreno ili tupate mwenye duka mwingine? Wenyeviti nao walijibu kwamba vijana hawana adabu, wanaingilia mambo ya raia, na kwamba makamanda wa kusini wanawamalizia watoto wao kwenye vita visivyokwisha. Nkavandame akaja na hoja yake kubwa: Cabo Delgado imeshapigana vya kutosha, na ikombolewe kwanza, hata ikibidi isimame peke yake. Walio kusini watapigana vyao.

Kwa mtu wa Mueda aliyechoka, hoja hiyo ilikuwa na mantiki. Tuseme ukweli, ilikuwa na mantiki hata kwa baadhi ya viongozi wa Tanzania waliokuwa wakihesabu gharama mpakani.

Mwaka 1968 mambo yalichacha. Machi, shule ya FRELIMO iliyokuwa Kurasini, Taasisi ya Msumbiji, ilifungwa baada ya vurugu za wanafunzi. Mei, kundi la Wamakonde lilivamia ofisi ya FRELIMO Mtaa wa Nkrumah, na mtu mmoja akafa kwa majeraha. Wenyeviti walidai mkutano mkuu wa pili ufanyike kusini mwa Tanzania. Mondlane na Samora walikataa, wakaupeleka Matchedje, Niassa, ndani ya Msumbiji yenyewe, Julai 1968. Nkavandame na wenzake hawakwenda.

Wajumbe waliofika walikaa msituni chini ya miti, vibanda vyao vimefunikwa majani yasionekane kutoka angani, na uamuzi waliopitisha una uzito kuliko kambi yoyote iliyotekwa katika vita vile. Walikubaliana kwamba vita ni vya nchi nzima, kwamba vitakuwa virefu, na kwamba havitakomea kwenye mkoa uliokwisha kukombolewa. Uamuzi huo ulishaanza kutekelezwa: Machi mwaka huohuo mapambano ya Tete yalikuwa yamefunguliwa upya, safari hii kupitia Zambia, ambayo ilikuwa imepata uhuru Oktoba 1964 na kukubali kupitisha watu na silaha.

Kilichofuata kilikuwa cha damu. Desemba 1968 Paulo Samuel Kankhomba, kamanda aliyekuwa anavuka kwenda Cabo Delgado, aliuawa kwenye eneo la Ruvuma na watu wa upande wa Nkavandame. Tarehe 3 Februari 1969 Mondlane alifungua kifurushi kwenye nyumba ya rafiki Oyster Bay. Ndani mlikuwa na kitabu, na ndani ya kitabu mlikuwa na bomu. Alizikwa Kinondoni. Wiki chache baadaye Nkavandame alivuka na kujisalimisha kwa Wareno, nao wakatawanya vipeperushi na kutangaza habari zake, wakiwaita Wamakonde wote waache msitu na kumfuata.

Hawakumfuata. Walikwenda wachache, lakini jeshi la uwanda halikuvunjika. Ningesema hapa ndipo vita vilipogeuka, ingawa siku hiyo haikuwa na mapigano wala tarehe ya kuadhimisha. Watu waliokuwa na kila sababu ya kuchoka, na waliokuwa wakiitwa na mzee wao wenyewe kwa lugha yao wenyewe, walibaki na jeshi lililoongozwa na wageni wa kusini. Pengine walikuwa wameshamhukumu kwa bei ya chumvi yake.

Julai 1970

Arriaga alifika akiwa na picha tofauti kabisa. Yeye aliona adui aliyeuawa rais wake, aliyekimbiwa na mkuu wake wa mkoa, na anayegombana juu ya urithi wa uongozi. Uria Simango, aliyekuwa makamu wa Mondlane, alikuwa amefukuzwa, na Samora alithibitishwa kuwa rais wa FRELIMO Mei 1970 tu. Ukiwa jenerali mwenye helikopta na jeshi safi, unaona huu ndio wakati.

Kabla sijafika kwenye operesheni, nataka msomaji aione barabara ya Mueda hadi Mocímboa da Praia, maana bila barabara hiyo huwezi kuelewa hasira iliyowafanya Wareno watake pigo moja kubwa. Mbele ya msafara wa malori walitembea askari kwa miguu, kila mmoja na fimbo ndefu yenye ncha ya chuma, akichoma mchanga hatua kwa hatua. Fimbo ikigonga kitu kigumu, msafara mzima unasimama. Lori la kwanza lilijazwa magunia ya mchanga ili likikanyaga bomu dereva apate walau nafasi ya kupona. Baadhi ya mabomu yalikuwa kwenye masanduku ya mbao, hivyo kifaa cha kunusa chuma hakikusaidia. Mtegaji wa bomu alikuwa ameshaondoka usiku, yuko kijijini anamenya muhogo. Sehemu kubwa ya vifo na ukilema wa askari wa Ureno Msumbiji ilitokana na mabomu ya aina hii, na kijana wa miaka ishirini aliyeletwa kutoka kijiji cha kaskazini mwa Ureno angeweza kumaliza muda wake wote wa vita bila kumwona adui uso kwa uso.

Kwa hiyo mpango ulikuwa kuachana na barabara na kumfuata adui kwake. Askari wapatao 8,000 walikusanywa. Kwanza mizinga na ndege, zikiwemo Fiat G.91 ambazo Ureno ilizipata Ujerumani Magharibi, zilipiga msitu. Kisha matingatinga ya wahandisi yalilima njia kuelekea ndani. Kisha makomandoo, askari wa miavuli na wa majini walishuka kwa helikopta za Alouette kuzingira kambi kuu tatu za FRELIMO: Gungunhana, Moçambique na Nampula.

Jina la Gungunhana linastahili neno moja. Alikuwa mfalme wa Gaza, akakamatwa na Wareno mwaka 1895 huko Chaimite na kwenda kufia uhamishoni visiwa vya Azores. Wapiganaji wa Kimakonde walikuwa wanalinda kambi yenye jina la mfalme wa kusini. Miaka miwili kabla ya hapo jambo hilo lenyewe lingezua ugomvi.

Kambi zote tatu zilichukuliwa. Operesheni ilifungwa rasmi tarehe 6 Agosti. Wareno walitangaza wapiganaji 651 waliouawa, 1,840 waliotekwa, kambi ndogo na kubwa kwa mamia, na makumi ya tani za risasi na silaha. Takwimu ni zao, na jeshi linapohesabu maadui msituni huhesabu na wakulima. Hata ukizipunguza, pigo lilikuwa la kweli. FRELIMO ilipoteza maghala yaliyojazwa kwa miaka, kila sanduku likiwa limebebwa kichwani au begani kutoka Ruvuma, na wengi wa wabebaji walikuwa wanawake. Hospitali ya FRELIMO ya Mtwara, ile iliyopewa jina la Américo Boavida, ilikuwepo kwa ajili ya watu kama wale. Yeyote anayesimulia Nó Górdio kana kwamba haikuuma, hawatendei haki waliokufa.

Lakini kambi ilikuwa kitu gani hasa? Vibanda vya miti na nyasi, mahandaki, jiko, darasa, zahanati, shamba la muhogo. Muhogo ndio ulioudhi zaidi hesabu za Wareno, kwa sababu hauna ghala la kuchoma: unakaa ardhini mwaka mzima na unachimbwa unapohitajika. Wapiganaji hawakukaa kufia vibandani. Waligawanyika vikundi vidogo. Wengine walivuka mto, wengine wakapita katikati ya mistari ya askari wakaelekea kusini mwa Cabo Delgado, ambako Wareno walikuwa wameacha mianya ili wajaze uwanda. Mvua zilipoanza, njia za matingatinga zikawa matope, askari wakarudi vituoni, na barabarani mabomu yakaanza kutegwa upya.

Wachambuzi wengi huishia hapa, na kusema kwamba vita vya msituni havimalizwi kwa kuchukua ardhi. Ni kweli, ila haitoshi. Jeshi la msituni linaweza kumalizwa likiwa limefungiwa sehemu moja, mpaka wake ukazibwa na raia wake wakahamishwa. Na hivyo ndivyo Wareno walivyokuwa wakifanya: waliwakusanya watu kwenye vijiji vya kulazimishwa, vyenye uzio na kituo cha askari, na kufikia mwisho wa vita karibu watu milioni moja nchini kote walikuwa wamehamishiwa humo. Uwanda wa Mueda una kingo. Ruvuma ina vivuko vinavyojulikana. Hebu fikiria kwamba mwaka 1968 hoja ya Nkavandame ingepita. Julai 1970 FRELIMO yote, bunduki zake zote na makamanda wake wote, ingekuwa juu ya uwanda ule, ikilinda nchi ndogo iliyokwisha kukombolewa. Arriaga angekuwa sahihi. Fundo lingekuwa pale, na upanga ungelikata.

Tete

Kutoka Mueda hadi Tete ni zaidi ya kilomita 700 ukipita angani kama ndege. Hakuna uwanda wa Wamakonde huko. Kuna mto Zambezi, kuna joto kali, na kulikuwa na ujenzi wa bwawa la Cahora Bassa, ambalo mkataba wake ulisainiwa 1969 na muungano wa kampuni za Ureno, Ujerumani Magharibi, Ufaransa na Afrika Kusini. Umeme wake ulikuwa uende Afrika Kusini. Wakati helikopta zimekusanyika Cabo Delgado, vikundi vya FRELIMO vilikuwa vinatoka Zambia na kushuka kuelekea mto, na mwishoni mwa 1970 vilivuka upande wa kusini wa Zambezi.

FRELIMO ilitangaza kwamba itazuia bwawa lisijengwe. Haikuweza. Ukuta ulipanda, vifaa vilifika, na Songo, mji wa bwawa hilo, ulizungushiwa mabomu mengi kiasi kwamba yaliendelea kuua watu na mifugo baada ya uhuru. Kwa hesabu ya kawaida hiyo ni vita iliyopotezwa. Lakini kila lori la saruji lililokwenda Songo lilihitaji ulinzi, na ulinzi ule uliondolewa kaskazini. Arriaga, aliyetaka kukusanya nguvu zake sehemu moja, sasa alikuwa na sehemu mbili, na mwaka 1972, FRELIMO ilipofungua mapambano Manica na Sofala, tatu. Reli ya kutoka Beira kwenda Rhodesia, Zimbabwe ya leo, ikawa shabaha. Walowezi wa mashambani wa Vila Pery, Chimoio ya leo, waliozoea kusoma habari za vita kama habari za nchi nyingine, walianza kulala na bunduki.

Kisha Wiriyamu. Tarehe 16 Desemba 1972, ndege zilipiga vijiji vya kusini mwa mji wa Tete, na makomandoo wakaingia Wiriyamu, Chawola na Juwau. Waliua watu wapatao 400 kwa siku moja, wazee, wanawake, watoto wachanga. Walichokuwa wanakitafuta ni wapiganaji waliokuwa wakipita hapo. Mapadri wa Kihispania waliwatembelea walionusurika na kuandika majina ya marehemu mmoja mmoja, na orodha ile ikatoka nje kwa siri. Julai 1973, kupitia padri Adrian Hastings, gazeti la The Times la London liliichapisha habari hiyo siku chache kabla ya waziri mkuu wa Ureno, Marcelo Caetano, kufika Uingereza kwa ziara ya heshima. Serikali ya Ureno ilisema kijiji chenyewe hakipo. Ilichukua hadi Septemba 2022 kwa waziri mkuu wa Ureno, António Costa, kusimama Maputo na kuomba radhi.

Ninauweka Wiriyamu katika mfululizo huu kwa makusudi. Jeshi lililoandaa Nó Górdio lilikuwa na ramani, malengo na majina ya kambi. Miaka miwili na nusu baadaye, jeshi lilelile halikuwa na lengo la kuchukua, likageukia wanakijiji. Katikati ya 1973 Arriaga aliondolewa. Januari 1974, baada ya walowezi kuuawa karibu na Vila Pery, wazungu wa Beira waliandamana dhidi ya jeshi lao wenyewe, wakiwazomea maofisa kwamba ni waoga.

Maofisa wale waliisikia zomea ile. Wengi wao walikuwa kwenye awamu yao ya pili au ya tatu Afrika, Angola jana, Guinea juzi, Msumbiji leo. Aprili 25, 1974 makapteni waliiangusha serikali ya Lisbon kwa siku moja. Anayesema kwamba walisaliti ushindi anapaswa aeleze ni ushindi gani, maana ramani ya FRELIMO siku ile ilifika jirani na Beira.

Omar

Mapigano ya mwisho ninayotaka kuyataja hayakuwa na risasi nyingi. Baada ya mapinduzi ya Lisbon, Samora alikataa kusimamisha vita kabla Ureno haijakubali uhuru kamili. Juni 1974 Mário Soares, waziri wa mambo ya nje wa Ureno, alifika Lusaka na kumkumbatia mbele ya wapiga picha, lakini alikuja na pendekezo la kusitisha vita kwanza na kura baadaye. Samora alimkumbatia na akakataa. Hata Zambézia, iliyozimika mwaka 1964, ilifunguliwa tena.

Tarehe 1 Agosti 1974, kwenye kituo cha Wareno cha Omar, karibu na Ruvuma, wapiganaji walikizingira kituo na kuzungumza na askari kwa kipaza sauti. Vita vimekwisha, waliambiwa, mnataka kufa kwa ajili ya nani? Zaidi ya askari 100 walitoka na kutekwa, wakavushwa mto kuletwa Tanzania. Walikuwa vijana wa umri uleule wa wale waliokuwa wakichoma mchanga kwa fimbo. Tarehe 7 Septemba makubaliano yalisainiwa Lusaka, na tarehe 20 Joaquim Chissano aliapishwa kuongoza serikali ya mpito. Huyu ndiye Chissano ambaye Julai 2004, akiwa rais wa Msumbiji, kwenye kikao cha wakuu wa Umoja wa Afrika Addis Ababa, aliinuka na kuhutubia kwa Kiswahili, wakalimani wakabaki wanatazamana. Aliishi Kiswahili hicho miaka ya vita, katika nchi hii.

Kabla ya sherehe za uhuru za 25 Juni 1975, Nachingwea ilishuhudia jambo jingine. Waliokuwa wapinzani wa FRELIMO walikusanywa kambini na kusimamishwa mbele ya halaiki ya wapiganaji. Simango alisomeshwa ungamo refu. Nkavandame naye alikuwepo. Walipelekwa Msumbiji, wakafungwa Niassa, na baadaye wakauawa pasipo kesi ya haki. Familia zao hazikukabidhiwa miili. Ninaamini kwamba Nkavandame alikosea mwaka 1968, na nimeeleza kwa nini. Lakini hoja yake ilikuwa imeshashindwa kwenye uwanda, na walioishinda ni watu wake mwenyewe waliokataa kumfuata. Kumwua hakukuongeza chochote kwenye ushindi ule.

Tarehe 24 Mei 1975 Samora alivuka Ruvuma kutoka upande wa Mtwara na kuanza safari ya mwezi mzima kuelekea Maputo. Alianzia Cabo Delgado, kwa wabebaji.